Jibu la mtaalamu: Bosi wetu ana hadithi nzuri, mbona wachezaji hawaioni?

Swali: Sisi ni watu watano, tunatengeneza gemu ya mtandaoni ya mapigano ya kifantasia, mchezaji 1 hadi 4 kwa kila pambano. Bosi wa mwisho, yaani adui mkuu wa kumaliza gemu, ni mhunzi mkubwa aliyejifungia nyuma ya lango la mji. Wachezaji wanamchukulia kuwa mwovu, kumbe ndiye anayeuzuia moto wa tanuru usiuteketeze mji. Tumeweka video ya dakika 4 kabla ya pambano na nyingine ya dakika 2 katikati. Karibu kila mtu anaziruka, halafu mwishoni anauliza huu moto umetoka wapi. Wengine wanalalamika kwamba nyundo inawapata ilhali wameshakwepa. Uhai wa bosi ni 45,000 kwa hali zote, na mchezaji wa kawaida anatoa madhara 120 kwa sekunde anapokuwa anapiga. Aliye peke yake anapigana dakika 18. Wanne wakiwa pamoja wanammaliza kabla ya dakika ya 3, ambapo awamu ya pili ndiyo ilikuwa ianze. Tuongeze video? Tuongeze uhai? Tuanzie wapi?

Jibu: Msiongeze video, na uhai uacheni kwanza. Anzeni na kanuni moja tu: bosi wenu anamshambulia nani.

Bila shaka mmemwekea kanuni ya kawaida, kwamba amfuate aliyempiga zaidi. Kanuni hiyo tayari inasimulia hadithi, nayo ni ya mtu aliyechokozwa akakasirika. Ninyi mna hadithi ya mlinzi. Mlinzi hamtazami aliyempiga, anamtazama anayekaribia anachokilinda. Kwa hiyo mfanyeni mhunzi amfuate aliye karibu zaidi na tanuru, hata kama mtu huyo hajamgusa. Mchezaji atakufa mara mbili, ya tatu atang'amua: nikisogea kwenye tanuru ananijia mbio, nikirudi nyuma ananiacha. Amelijua hilo kwa sababu alitaka kuishi, si kwa sababu alikaa kutazama video. Na akishalijua, nusu ya siri yenu iko mikononi mwake bila neno hata moja kusemwa.

Ukiiweka kanuni hiyo kavu, wapiga mishale watasimama mbali na kummaliza bila kuguswa. Changanyeni basi: uzito wa asilimia 70 uende kwenye ukaribu na tanuru, asilimia 30 kwenye madhara aliyopokea, na achague upya kila baada ya sekunde 4 ili asibadilishe mlengwa kila akigeuka. Kisha mpeni pigo moja la mbali, kurusha makaa, litoke kila baada ya sekunde 12 hivi kumwendea aliye mbali kuliko wote. Msimruhusu kutoka zaidi ya hatua 15 kutoka kwenye tanuru. Akifika mpaka huo asimame, atazame nyuma, arudi. Hako kageuko ka nusu sekunde, bosi anapoacha kumfukuza adui aliyejeruhiwa ili arudi mlangoni pake, kana thamani kuliko dakika zenu zote 4 za video.

Msingi ninaoutetea hapa ni huu: kila jambo la hadithi mnalotaka mchezaji alijue, ligeuzeni liwe jambo ambalo asipolijua atapigwa. Akiwa vitani mtu hasomi kitu kingine.

Wachezaji wa gemu za kifantasia huingia kwenye ukumbi wa bosi wakiwa na mazoea yao. Mlango ukifunga nyuma yao, wanajua hakuna kurudi. Jina likitokea juu ya mstari mrefu wa uhai, wanajua huyu si kiumbe wa njiani. Muziki ukibadilika uhai ukiwa nusu, wanajua kuna awamu ya pili. Bosi akizungumza sana kabla ya kupiga, wanajua ni mwenye kiburi. Mazoea haya ni mali yenu, maana yanawapunguzia maneno. Yashikeni yote isipokuwa moja, lile mnalotaka kuligeuza. Mkigeuza matatu kwa mpigo, mchezaji haoni kwamba amefichuliwa jambo, anaona gemu ina kasoro. Kwenu linalogeuka ni kwamba huyu si mwovu, kwa hiyo lango, jina, muziki na awamu viende kama vilivyozoeleka.

Mgeuko wa namna hiyo unataka dalili tatu zilizoonekana kabla, vinginevyo mchezaji atahisi amedanganywa. Ya kwanza ni hiyo kanuni ya kulinda tanuru. Ya pili iwe mwilini: ngao yake iko mgongoni, inaelekea tanuru, imeungua upande wa nyuma, na upande wa mbele haina hata alama ya upanga. Ya tatu iwe ukumbini. Ufungeni uhai wake na milango ya tanuru. Ukifika asilimia 75, ufa wa kwanza utoe mwanga. Ukifika 50, komeo moja lidondoke. Ukifika 30, sakafu ya karibu na tanuru ianze kuwaka na kuwaumiza wanaoikanyaga. Kadiri wanavyomdhoofisha ndivyo moto unavyowazidi, na kufikia hapo mmoja katika kundi lazima atauliza kwa sauti, jamani, tunafanya sawa kweli?

Mifano ya mwili kusema bila maneno ipo, na inafaa kutazamwa kwa makini. Katika Dark Souls ya mwaka 2011, mbwamwitu mkubwa Sif, anayelinda kaburi la bwana wake, uhai ukimwishia huanza kuchechemea. Anainua upanga, unamwelemea, anayumba. Hakuna sauti inayomwambia mchezaji amhurumie, na wengi wamekiri kwamba mkono ulisita. Katika gemu hiyohiyo, Ornstein na Smough hupigana wawili kwa pamoja, na unayemuua kwanza ndiye anayeamua awamu ya pili itakuwaje. Akitangulia Ornstein, Smough huuponda mwili wake kwa nyundo. Akitangulia Smough, Ornstein huuwekea mwili wake mkono kwa upole. Ni sekunde chache tu, lakini zimewaeleza wote wawili. Msururu wa Monster Hunter nao kwa kawaida hauonyeshi mstari wa uhai wa mnyama. Mchezaji anasoma mate yanayodondoka mnyama akichoka, mkia uliokatika, na mguu unaoburuzwa anapokimbilia pangoni kulala.

Sasa video. Mkiwa mtandaoni shida yake si urefu peke yake, bali kwamba watu wanne hawako mahali pamoja katika hadithi. Mmoja anaiona mara ya kwanza, mwingine ya ishirini. Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni iliyozinduliwa upya mwaka 2013, iliweka mwisho wa hadithi yake ya kwanza ndani ya Praetorium, pambano la watu 8. Wazoefu waliruka video na kukimbia mbele, na mgeni aliyebaki kutazama alimaliza akakuta kazi imekwisha. Baadaye video hizo zikafungwa zisirukwe, na mzigo ukawaangukia wazoefu, waliokaa kusubiri kila waliporudi. Mwaka 2022 watengenezaji wakalipanga upya: safari ikawa ya watu 4, na pambano la mwisho likatengwa kivyake. Monster Hunter: World ya mwaka 2018 ilijikwaa kwenye jiwe hilohilo kwa namna nyingine. Katika kazi nyingi za hadithi, rafiki hakuweza kujiunga nawe mpaka kila mmoja awe ameifikia na kuitazama video yake mwenyewe, kwa hiyo waliokusudia kucheza pamoja walianza kila mmoja peke yake.

Kwa pambano lenu, video ya mwanzo isizidi sekunde 8: lango linafunguka, mhunzi amewapa mgongo, anaegemea tanuru kwa mikono miwili kama anayezuia mlango usifunguke, anageuka. Basi. Kuiruka kuamuliwe kwa kura ya wote, na asiyewahi kuiona ndiye awe na kura ya kuzuia. Kwa sekunde 8 hakuna atakayelalamika. Yaliyobaki katika zile dakika 4 yahamisheni kwenye ngazi zinazoelekea ukumbini, yawe michoro ukutani na mivukuto iliyochakaa, ambapo kila mtu anatembea kwa mwendo wake.

Ile ya katikati ya pambano ifuteni kabisa. Pambano likishaanza, kamera ya mchezaji isichukuliwe zaidi ya sekunde 3. Kuna kasoro hapa inayojirudia katika gemu nyingi, kwa hiyo ikagueni leo: video inaanza, mchezaji hawezi kusogea, lakini sumu aliyopigwa nayo inaendelea kuhesabu upande wa seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha pambano. Video ikiisha, amekufa. Mabadiliko ya awamu yakianza, seva isimamishe saa zote, za sumu, za dawa na za kupoa kwa ujuzi, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuutumia tena. Muiambie pia iwasogeze wachezaji mahali salama. Aliyekuwa chini ya nyundo asirudi akakuta bado yuko chini ya nyundo.

Maneno ya bosi wakati wa vita yawe mafupi, yasizidi sita, na kila sentensi iwe na kazi. Mpeni moja ninayoipenda sana kwa hadithi yenu: “Kaeni mbali na moto!” Aitamke kila anapoandaa pigo la kuwasukuma watu kutoka kwenye tanuru, na asiitamke wakati mwingine wowote. Mara ya kwanza mchezaji ataisikia kama kitisho. Baadaye ataitumia kama ishara ya kuruka nyuma. Mwishoni, moto ukitoka, ataelewa kwamba muda wote huo alikuwa anaonywa. Sentensi moja imefanya kazi tatu bila kubadilika hata herufi. Kumbukeni tu kwamba watu wanne wakicheza pamoja huwa wanaongea, na sauti ya bosi inapotea. Maandishi yake yatokee karibu na mwili wa bosi, si chini kabisa ya skrini ambako kila mtu ana vitufe vya ujuzi vinavyozunguka.

Tuje kwenye lalamiko la nyundo. Hao wachezaji wanasema kweli.

Chukueni mchezaji ambaye ujumbe wake kwenda seva na kurudi unachukua milisekunde 120, yaani pingi ya 120. Mahali alipo bosi panamfikia baada ya milisekunde 60. Programu yake inahifadhi picha kwa milisekunde 100 hivi ili mwendo uonekane laini, kwa hiyo nyundo anayoiona imechelewa 160. Anabonyeza kukwepa, kitufe kinachukua 60 nyingine kufika. Jumla 220. Mtu huyu akibonyeza milisekunde 200 kabla nyundo haijatua kwenye skrini yake, na huo ni ukwepaji mzuri kabisa, seva inaona amebonyeza milisekunde 20 baada ya nyundo kutua. Anapigwa. Yeye ameona kwa macho yake kwamba amekwepa, na seva ina uhakika kwamba hakukwepa.

Dawa yake ni kuamua nani mwenye neno la mwisho. Katika gemu ambayo wachezaji wako upande mmoja dhidi ya bosi, mashine ya mchezaji iamue kama amepigwa, na seva iamue madhara anayopata bosi. Hapo ule ucheleweshaji wa 220 unatoka kwenye hesabu ya kukwepa, maana mtu anahukumiwa kwa alichokiona. Seva ibaki na ukaguzi: je, ukwepaji ulikuwa umeshapoa? Je, mahali anaposema alikuwapo panafikika kutoka alipokuwa nusu sekunde iliyopita? Je, amekwepa mapigo 200 mfululizo bila kukosea? Mwenzake ataona kwenye skrini yake kama nyundo imempitia rafiki bila kumdhuru. Hilo linavumilika, kwa sababu kila mtu anajali zaidi mwili wake mwenyewe. Pigo moja tu libaki kwa seva, la kumkamata mchezaji kwa mkono, maana wawili hawawezi kukamatwa na kiganja kimoja. Kwa hilo ongezeni muda wa maandalizi, na mkono ukifunga, umvute aliyekamatwa hadi kiganjani badala ya kumrusha hapo ghafla.

Kuna njia nyingine. Final Fantasy XIV huamua nani amepigwa wakati mstari wa kuandaa pigo unapojaa, halafu mwendo wa picha unafuata baadaye. Ukiwa nje ya alama ya ardhini inayoonyesha eneo la hatari kwa wakati huo uko salama, hata kama mlipuko unaonekana kukugusa. Kwenye gemu inayosomwa kwa alama za ardhini, wachezaji hulizoea. Yenu inasomwa kwa nyundo. Kwenu madhara yatokee pale chuma kinapogusa sakafu, si mapema wala baadaye.

Sasa tulipime pigo lenyewe, kwa fremu 60 kwa sekunde, ambapo fremu moja, yaani picha moja ya skrini, ni karibu milisekunde 16.7. Pigo lina sehemu tatu: kujiandaa, kugonga, kujirudi. Mtu anayesubiri ishara moja tu huitikia kwa milisekunde 200 hadi 250. Anayelazimika kuchagua, nirudi nyuma au niende kushoto, mpeni 400. Pigo zito la nyundo mlipange hivi. Mwanzoni kabisa mguu wa nyuma unakwaruza sakafu na mnyororo unalia. Mpaka milisekunde 500 nyundo imepanda juu na kichwa chake kimeanza kung'aa. Kutoka 500 hadi 650 inatulia juu, haisogei. Ikifika 650 bosi anaacha kabisa kugeuka kumfuata mchezaji. Ikifika 900 chuma kinagusa sakafu. Madhara yanakuwa hai kwa fremu 5 tu, yaani milisekunde 83. Kisha nyundo inanasa sakafuni kwa milisekunde 1,400, na hapo ndipo wanapopata nafasi ya kupiga.

Ile 650 ndiyo watu huisahau. Bosi akiendelea kugeuka mpaka wakati wa kugonga, nyundo inamfuata mchezaji kama sumaku, na hakuna ustadi wa kukwepa utakaomsaidia. Fremu 5 nazo zina sababu. Kama ukwepaji wenu unamlinda mchezaji kwa milisekunde 400 na madhara ya nyundo yanadumu 500, aliyekwepa kwa wakati sahihi atamaliza kubiringika na kutua juu ya chuma ambacho bado kinaua. Eneo linalodhuru lifanyeni dogo kuliko nyundo inayoonekana, kwa asilimia 10 hadi 15. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amekoswa. Upande wa pili, seva ikipiga hesabu mara 30 kwa sekunde, nyundo iendayo kasi inaweza kuwa mbele ya mchezaji kwenye hesabu moja na nyuma yake kwenye inayofuata, ikampita bila kumgusa. Kagueni njia yote kati ya nukta mbili, si nukta zenyewe peke yake.

Kisha simameni nyuma ya kamera ya mchezaji aliye miguuni pa bosi. Mhunzi wenu ni mkubwa. Aliye karibu naye anaona vifundo vya miguu na ukingo wa vazi. Nyundo iliyopanda juu iko nje ya skrini. Ndiyo maana nimeanza na mguu unaokwaruza na mnyororo unaolia: kila pigo lazima lisomeke kwa miguu au kwa kivuli, na kwa sauti pia. Mapigo mawili yasianze kwa mguu uleule kwenye awamu ya kwanza. Awamu ya pili ndiyo muyageuze: mwanzo uleule aliouzoea, mwisho mwingine. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mchezaji naye anataka kuhisi kwamba zimwi hili anaanza kulijua. Acheni theluthi mbili hivi za mapigo zibaki kama zilivyokuwa.

Uhai sasa. Takwimu mlizonipa zinajieleza. Aliye peke yake hapigi muda wote, anakwepa, anakimbia, anakunywa dawa. Madhara 120 kwa sekunde na dakika 18 dhidi ya uhai 45,000 maana yake anapiga kama asilimia 35 ya muda, sawa na 42 kwa sekunde. Wanne wakiwa pamoja, bosi anamtazama mmoja na watatu wanapiga bila bughudha. Kila mmoja akifikia asilimia 55, anatoa 66 kwa sekunde, wote 264, na 45,000 inakwisha kwa sekunde 170. Awamu yenu ya pili inasubiri sekunde ya 180. Haiwezi kuonekana.

Amueni kwanza pambano lidumu muda gani. Dakika 7, yaani sekunde 420, zinatosha kwa bosi wa mwisho. Kwa mmoja, 42 mara 420 ni 17,640, wekeni 17,500. Kwa wanne, 264 mara 420 ni 110,880, zaidi ya mara 6 ya mmoja. Kuzidisha kwa 4 hakungetosha, na watu wengi hukosea hapo. Lakini msikimbilie 110,000, maana pambano litakuwa ukuta wa kugongagonga. Punguzeni kwanza ule muda wa bure: mpeni bosi teke la nyuma, pigo la kuzunguka, na yale makaa. Muda wa kupiga ukishuka hadi asilimia 40, wanne wanatoa 192 kwa sekunde, na uhai unaohitajika ni 80,640. Wekeni 80,000. Pimeni wawili na watatu kila kundi kivyake. Monster Hunter: World ilipotoka ilikuwa na viwango viwili tu, cha pekee na cha kundi, kwa hiyo wawili walikumbana na uhai uleule wa kundi la wanne, kiwango cha watu wawili kilikuja na nyongeza yake ya Iceborne mwaka 2019. Mtu akikatika mtandao katikati, hesabuni upya kwa asilimia: bosi aliyekuwa na 60 kwa mia abaki na 60 kwa mia ya kiwango kipya.

Awamu ziende kwa uhai, si kwa saa. Wekeni kizuizi: uhai ukifika asilimia 50 usishuke mpaka mabadiliko yaishe, na mstari wenyewe uonekane umefungwa, tarakimu za madhara ziache kutoka. Mchezaji akiendelea kuona 120, 120, 120 na mstari haushuki, atasema gemu imemwibia. Kila kizingiti kiwe na alama ya “kimeshapita” inayoshikwa na seva. Bila hiyo, pigo kubwa la pamoja linaweza kuruka kutoka asilimia 54 hadi 28, mabadiliko mawili yakaanza kwa wakati mmoja, na mhunzi akabaki amesimama katikati ya ukumbi bila kujua afanye lipi.

Kifo chake ndicho kipande ambacho ningekipa muda wenu mwingi. Seva ikishatangaza kwamba amekufa, walioanguka wainuliwe wote ili kila mmoja auone mwisho kwa macho yake. Mchezaji na bosi wakiuana katika hesabu ileile ya seva, amueni upande wa mchezaji. Mwendo wa polepole wa nusu sekunde ufanyike kwenye kila mashine baada ya tangazo, kamwe usifanyike kwenye seva. Sanduku la zawadi lisitokee mapema. Likitokea, watu wanne watalikimbilia na kumpa mhunzi mgongo. Subirini sekunde 15.

Katika kisa cha Fumo Liyongo, akishachomwa sindano ya shaba kitovuni, huenda kisimani, hupiga goti, hupachika mshale kwenye uta, na hufia hapo katika hali ya kulenga. Watu hukaa siku kadhaa bila kuthubutu kusogea kuteka maji. Mtambaji amemaliza kumuua shujaa, lakini mwili bado unafanya kazi. Mhunzi wenu afe hivyo, amesimama, mgongo kwenye tanuru, mikono miwili imebana milango, na kwa sekunde 5 nzima pasitokee chochote. Wachezaji watasogea polepole, wakidhani kuna awamu nyingine. Kisha mkono mmoja unateleza, mlango unafunguka, moto unatoka. Sasa wapeni kazi: ngao yake iko sakafuni, lazima mtu aiokote na asimame alipokuwa amesimama yeye, na wenzake wasukume makomeo mawili. Aliye peke yake apewe muda mrefu zaidi na komeo moja. Kitufe cha kukinga walichokitumia gemu nzima kiwe ndicho kinachoushikilia moto. Hapo hakuna atakayeuliza umetoka wapi, maana atakuwa ameushika.

Kwa majaribio, tafuteni watu watano wasioijua gemu yenu na muwachezeshe kwa mtandao mliouharibu kwa makusudi: ucheleweshaji wa milisekunde 150 na asilimia 2 ya ujumbe ikipotea. Raundi moja mzime sauti. Wakimaliza waulizeni maswali mawili tu: mhunzi alikuwa anapigania nini, na kilichokuua mara ya mwisho kilikuwa nini. La pili ndilo la kurekebisha kwanza. Asiyejua kilichomuua hana nafasi kichwani ya kujua kwa nini. Seva nayo iandike kila kifo na jina la pigo lililokisababisha. Pigo moja likiua zaidi ya theluthi ya waliokufa, msipunguze madhara yake kabla hamjatazama ishara yake kutoka kwenye kamera ya aliyekufa. Mara nyingi mtakuta ni ule mguu unaokwaruza, na vumbi la tanuru limeufunika.